Kamba wa Kabula

Msichana aliyenipigia simu alianza kwa shikamoo, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba akaniuliza kama mimi ndiye Kabula wa kamba. Nilikuwa jikoni kwangu Morogoro nachambua mchele, ungo uko mapajani, na nilikaribia kumwambia amekosea namba. Katika maisha haya nimeitwa mengi. Mama Neema, bibi, karani, na bosi wangu mmoja aliniita pilipili mbele ya wageni, nami sikumwangusha, nikamwasha hapo hapo. Lakini wa kamba? Msichana akasema yeye ni Zaina, binti wa Mwalimu Shomari wa Mzenga. Baba yake amefariki, wameshazika, arobaini ni Jumamosi, na marehemu aliacha neno kwamba siku hiyo mtani wake Kabula atafutwe popote alipo, kwa sababu msiba usio na mtani ni mchuzi usio na chumvi. Nikamwambia poleni sana mwanangu, nitakuja. Nikakata simu nikaendelea kuchambua mchele. Baadaye kidogo nikashtuka kwamba chuya nimeziweka kwenye sufuria na mchele mzuri nimewamwagia kuku.

Utani wetu sisi Wasukuma na Wazaramo wanasema ulianza enzi za misafara, babu zetu wakishuka pwani na mizigo mabegani. Mimi sikuwepo. Ninachojua ni kwamba Mzaramo anaweza kuingia kwako akakamata kuku, ukamtukana, akakutukana, na jioni mkamla kuku huyo pamoja mkiulizana habari za watoto. Atakuita mke wangu mbele ya mumeo, na mumeo atacheka. Msibani kwake wewe ndiye utakayevaa kofia ya marehemu na kumwigiza alivyokuwa akitembea, na wafiwa watacheka huku machozi yanawatoka. Hayo yote nimekua nayo, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni jambo moja, nami nimelibeba tangu mwaka ule niliokaa Kibaha. Nikaolewa nalo, nikazaa nalo, nikamzika mume nalo, nikastaafu nalo. Shomari aliposema anataka kunioa, alikuwa ananitania au alikuwa anasema kweli? Sijui. Mtu mzima mwenye wajukuu, sijui. Na sasa aliyekuwa na jibu amekwenda nalo.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwetu Maswa, nikaletwa kwa Shangazi Monika kusubiri nafasi ya chuo cha uhazili. Shangazi alikuwa mwalimu, na nyumba yake ilikuwa ya shule, bati juu, saruji chini, na kuta ambazo hazikufika kwenye paa. Aliyejenga nadhani matofali yalimwishia, au alidhani walimu hawana siri. Ukipiga chafya chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma anakwambia afya. Sebuleni kulikuwa na makochi yaliyovishwa vitambaa vya kufuma, redio iliyovishwa kitambaa chake, na hata birika bovu juu ya kabati lilikuwa na kitambaa, maana ndani yake Shangazi alificha sukari. Ilikuwa miaka ya foleni. Tulikula ugali wa unga wa njano wa msaada, kwa kisamvu kilichoungwa nazi, na mimi mtoto wa mlenda na maziwa nilikaa wiki nzima nikiuliza kimoyomoyo ni nani aliyewaambia watu hawa kwamba majani ya muhogo ni chakula. Jumapili Shangazi akirudi kanisani tulipata wali. Nilipenda nyumba ile. Sikumwambia mtu, lakini niliipenda, hasa saa za alasiri, harufu ya nazi ikiwa bado iko mikononi na redio ikisoma salamu za wasikilizaji kwa sauti ya chini.

Shomari alikuwa mwalimu mpya wa baiolojia, amepanga chumba cha uani kwa Shangazi na kula anakula na sisi. Mwembamba, meno mawili ya mbele yamepishana, na alikuwa na tabia ya kucheka kabla hajamaliza kusema, hivyo nusu ya maneno yake hukuyapata. Siku niliyofika, na vumbi la safari limenikaa mpaka kwenye kope, alinipokea sanduku mlangoni akamuuliza Shangazi mbona mke wake ameletwa bila taarifa wakati mkaa wa kumpikia haujachomwa. Shangazi akamjibu kwamba Mzaramo akipewa mke atamuuza anunue ngoma. Shomari akasema afadhali ngoma, kuliko Wasukuma wanaokwenda harusini na viazi vikavu, michembe yao, mfukoni. Nami nikaona ndiyo, hapa nimefika kwa watu. Nikamwambia aliweke chini sanduku langu taratibu, ndani kuna michembe kweli. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Tangu siku ile sikuitwa Kabula pale nyumbani. Niliitwa mke wangu asubuhi akitaka chai, mke wangu jioni akitaka mwiko urudi mahali pake, nami nikamwita mume wangu asiye na nyumba, asiye na ng'ombe, asiye na aibu.

Sasa kamba. Huko kwenye mto Ruvu, karibu na mitambo ya maji, aliwahi kufanya kazi fundi mmoja wa Kizungu aliyekuwa akivua kwa chambo cha uongo, mdudu wa manyoya na uzi juu ya ndoana. Shomari akiwa mwanafunzi alimchukulia mikoba, na yule fundi alipoondoka alimwachia mdudu mmoja chakavu. Shomari akamfungua uzi kwa uzi kama mtu anayefungua saa, akaona, akafunga tena. Kisha akasema mdudu yule ni wa kwao Ulaya, samaki wa Ruvu hamjui. Samaki wa Ruvu anamjua kamba wa mtoni. Kamba wenyewe walikuwepo, lakini ukimtoboa mmoja ukamtupa majini, vidagaa vinamnyofoa mpaka inabaki ndoana tupu, na wakubwa, wale wenye magando marefu, nani mwenye akili atawapa samaki? Tuliwala sisi, kwa nazi na ndimu. Basi akaamua kumtengeneza wa uongo, wa kufanana kabisa, hata kamba mwenzake asimjue. Kwa nini wa kufanana kiasi hicho, sikuelewa wakati ule. Maji ya Ruvu yana tope kama chai ya maziwa, samaki haoni hata pua yake. Nilimwuliza. Akasema, "Samaki haoni, lakini mimi naona."

Meza yake ilikuwa barazani uani. Koleo dogo alilikaza kwa mpira wa baiskeli kwenye ukingo wa meza, mdomo wa koleo umeiuma ndoana. Alianza na waya mwembamba wa shaba kutoka kwenye dainamo bovu, akauzungusha kwenye mguu wa ndoana ili kamba apate uzito wa kuzama. Juu yake nyuzi za katani zilizochambuliwa laini na kutiwa rangi kwa maji ya magome, huo ndio mwili. Mgongo alikata nailoni iliyofungia shati jipya, akaikunjia juu na kuibana kwa uzi wa cherehani, pingili kwa pingili, mpaka gamba likaonekana linapumua. Miguu ilikuwa unyoya wa shingo ya jogoo. Magando, manyoya ya kanga yaliyokatwa kwa wembe. Macho aliyapata kwa kuchoma ncha ya mshipi kwa kiberiti, ukivimba na kuwa tone jeusi. Ndevu ni nyuzi za katani ndefu mbili. Kisha akapaka rangi ya kucha ya Shangazi isiyo na rangi, tone moja tu, gamba likang'aa. Shangazi aliona chupa yake inapungua akadhani ni mimi najipamba, akanisomea nusu saa kuhusu wasichana wa mjini na mwisho wao. Shomari alikuwa anasikia juu ya ukuta. Alasiri yake akaninunulia andazi, akaniambia ni mahari, atamalizia polepole.

Nilijifunza kwa kumtazama, na alipokuwa darasani nikakaa kwenye meza yake nikamfunga wa kwangu. Ilinichukua alasiri kadhaa na vidole vikatoboka. Nikampaka rangi ya kucha nyekundu, ile ya Shangazi ya Krismasi, kwa sababu kamba wote niliowahi kuwaona maishani mwangu walikuwa wekundu. Wote niliwaona kwenye sahani! Huko Maswa kamba tungemtoa wapi? Nikamgeuza kichwa mbele, upande wa tundu la mshipi, na mkia nyuma, kama ng'ombe anavyokwenda, kama mbuzi anavyokwenda, kama kila kiumbe nilichokuwa nakijua. Shomari aliporudi nikamwekea mbele yake juu ya kisosi. Akamtazama. Akamgeuza. Midomo ikaanza kumcheza. Akauliza kwa upole kabisa kama kamba huyu alikufa kabla au baada ya kupikwa. Kisha akanieleza, huku anajizuia, kwamba kamba akiona hatari hakimbii mbele. Anapiga mkia na kwenda kinyumenyume, macho yanamtazama anayetaka kumla mpaka mwisho. Ndiyo maana wa kwake wote wamefungwa mkia kwenye mshipi. Ukivuta, anakimbia kama kamba. Wangu ukimvuta anakimbia kama mbuzi. "Kamba wako ameshaiva," akasema, "na bado anawahi mezani." Hapo akashindwa. Alicheka mpaka Shangazi akatoka na daftari za wanafunzi mkononi kuuliza kuna nini, akaonyeshwa, naye akacheka. Mimi nilikasirika kweli. Mimi hasira zangu ziko karibu, mpaka leo. Niliingia ndani, sikula.

Jumamosi iliyofuata nikasema naenda naye mtoni, na kamba wangu naenda naye. Tulipanda basi mpaka Mlandizi, tukatembea kwenye njia ya mashamba ya mpunga mpaka mahali ambapo wanawake wa pale walikuwa wamepigilia miti majini kuzuia mamba, tukakaa nyuma ya uzio huo. Alichukua kichwa cha kamba halisi akakiponda, akampaka kamba wake ile supu, maana kambale hutafuta kwa ndevu na harufu. Nikampaka na wangu. Alitupa, akavuta kidogo, akaacha, akavuta. Nami nikatupa, nikavuta nilivyoona. Sitaki kusema uongo mbele ya msiba wa watu: aliyeshika alikuwa wangu. Kambale mrefu kama mkono wangu mpaka kwenye kiwiko, amemmeza mbuzi wangu mwekundu mpaka kooni. Shomari akamtazama kambale, akamtazama kamba, akasema hakuna maelezo ya kisayansi, isipokuwa samaki huyu naye ni Msukuma.

Tulikuwa tunacheka bado. Niko nimepiga magoti kwenye tope, namtoa kambale kwenye ndoana, mikono imejaa ute. Ndipo aliposema, na hilo nalikumbuka kwa sababu hakucheka kabla ya kumaliza, "Kabula, nikija kwenu na wazee wangu, nitafukuzwa?"

Hakusema mke wangu. Alisema Kabula. Hilo niliona baadaye, nikiwa nimelala, na nimeliona tena na tena miaka yote hii. Wakati ule niliona tu mtani ameurusha mpira, na mtani akirusha, unarudisha, ukinyamaza umeshindwa. Nikamwambia aje na ng'ombe, asije na nazi, kwetu nazi tutazidhani ni vichwa vya watu tukimbie. Nilidhani ni jibu zuri sana. Akanitazama kidogo. Akasema, "Haya." Kisha akacheka, na mimi nikacheka, tukapanda basi la kurudi na kambale wetu kwenye jani la mgomba. Njia nzima nilikuwa na furaha na sikujua ya nini. Ya kambale, nilidhani.

Mwezi mmoja baadaye, au zaidi kidogo, alitualika mimi na Shangazi kwao Mzenga, kulikuwa na maulidi. Mama yake alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kutumwa mbali. Shangazi aliketishwa na wageni kwenye mikeka mizuri. Mimi mama yule alinishika mkono, akanipitisha mpaka jikoni kwake kwenyewe, akanipa mbuzi ya kukunia nazi, akakaa ananitazama. Nikakuna vibaya. Nazi imenirukia mpaka kwenye nywele. Akasema haya, atafundishika, akanivua kanga yangu iliyochafuka akanifunga ya kwake, tukala sinia moja mimi na yeye, akinisogezea nyama kwa kidole. Akaniita mkwe. Nikamwita mkwe. Je, huo si utani? Mama wa mtani naye ni mtani. Lakini jikoni kwake! Na ile kanga hakunidai. Njiani kurudi nilitaka kumwuliza Shangazi maana yake, lakini Shangazi alikuwa amekunja uso, rozari mkononi, hataki kusemeshwa.

Siku chache baada ya hapo, magharibi, nilikuwa chumbani napiga pasi ya mkaa. Shangazi na Shomari walikuwa sebuleni. Kwanza ulikuwa utani wa kawaida. Nikasikia Shomari anasema anataka kupeleka posa Usukumani, Shangazi amwandikie kaka yake. Shangazi akacheka, akasema kaka yake hasomi barua za Wazaramo. Shomari akasema, "Mwalimu, nasema kweli." Shangazi akacheka tena, lakini kicheko kilikatika katikati. Kisha kimya, kimya kirefu, nikasikia kijiko kinazungushwa kwenye kikombe. Shangazi akasema, "Utani una mipaka yake, Shomari. Na dini ni dini." Shomari akajibu kitu ambacho mpaka leo sijui ni nini, kwa sababu mjinga mmoja alipita barabarani na ng'ombe. Nilichosikia baada ya ng'ombe ni Shangazi anacheka tena na Shomari anacheka, na mmoja wao anasema basi yaishe. Nikaunguza kola ya gauni langu la kanisani. Nilisimama na pasi mkononi nikijiuliza: amekataliwa, au ametania akakemewa kwa kuzidisha? Na kama alisema kweli, mbona amecheka? Na kama alitania, mbona Shangazi alinyamaza vile?

Ungeuliza, mtaniambia. Wajukuu zangu ndivyo wanavyoniambia, wao wanaotumiana kila kitu kwenye simu. Ningeuliza nini? Asubuhi yake alikuja kwenye chai, akasema mke wangu, leo chai imekaa kama maji ya kuogea. Nikamwambia aoge. Kama angekuwa na uso wa mtu aliyekataliwa ningemwona, lakini uso wake ulikuwa ule ule, meno yake yale yale. Nilianza kumsikiliza kila neno, nikalipima kama mtu anayegonga nazi kujua kama ina maji. Akisema usingizi umemkataa, nauliza moyoni, kwa ajili yangu? Halafu anaongeza kwamba ni kunguni wa Kisukuma waliokuja na sanduku langu. Nilikuwa nachoka. Nilikuwa nampenda, hilo ndilo jambo lenyewe, na sikuwa na lugha nyingine ya kusema naye isipokuwa ile ya matusi. Nafasi ya chuo ilipotoka, Tabora, Shangazi alinifungia sanduku kwa haraka ambayo sikuwahi kuiona kwake. Shomari alinisindikiza kituoni. Nilingoja. Namwambia Mungu, nilingoja. Akanipa kifurushi cha samaki wa kukaanga akaniambia, "Nenda mke wangu, usinenepe, nitashindwa kukubeba." Nikamwambia hana misuli. Gari likaondoka. Miaka miwili mitatu baadaye Shangazi akanieleza kwenye barua, katikati ya habari za mvua, kwamba yule mtani wetu ameoa kwao Mzenga. Mwaka uliofuata nami nikaolewa, na mtu mwema. Simlalamikii marehemu mume wangu kwa lolote.

Basi Jumamosi ile nilishuka Mlandizi nikapanda bodaboda kwenda Mzenga, kanga nimejifunga kiunoni, nikimkaripia kijana wa watu kila kwenye shimo. Tulipoipita njia ya kwenda Ruvu nilifumba macho, nikasema ni vumbi. Nje ya nyumba wanaume walikuwa wameshaanza kusoma khitma. Zaina alinipokea, nikaona meno yale mawili yaliyopishana kwenye uso wa msichana, nikasahau salamu niliyoiandaa. Akaniingiza ndani, chumba cha kati, alipokaa mama yake kwenye eda, Bi Tatu, amejifunika kaniki, mwanamke mtulivu mwenye mikono mikubwa. Kina mama wamejaa kuta hadi kuta. Nikasema shikamooni na pole. Bi Tatu akanitazama kuanzia miguuni akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Karibu mke mwenzangu. Umechelewa, mume tumeshamzika." Chumba kikaangua kicheko. Nami nikajua kazi iliyoniita. Nikauliza kiti chake kiko wapi, na kofia yake, na miwani yake, maana mume nimedhulumiwa na vitu vyake nachukua.

Vililetwa. Nikakaa kwenye kiti cha Shomari, kofia imeniingia mpaka kwenye masikio, miwani puani. Mjukuu mmoja wa kike akaniletea koleo lenyewe, ndoana na uzi, na mpira ule wa baiskeli au mdogo wake. Basi nikamwigiza. Nikatoa ulimi pembeni ya mdomo jinsi alivyofanya, nikauma uzi kwa meno ya pembeni, nikamsemesha kamba asiyekuwepo, nikamwambia tulia, mwanamke, nakupamba. Nikacheka kabla sijamaliza kusema. Kina mama wakapiga makofi, wengine wanalia. Dada yake marehemu akasema ni yeye, ni yeye kabisa. Kisha, kwa vidole, nikamfunga kamba huyo kichwa mbele, upande wa tundu la mshipi. Nilifanya kusudi, nikijua ni mimi tu nitakayeelewa. Lakini chumba kizima kikapiga kelele kwa pamoja, mpaka watoto, "Kamba wa Kabula!" Nikashangaa. Zaina akaniambia mbona hivyo ndivyo wanavyosema nyumba hii tangu wazaliwe. Mtoto akivaa shati nje ndani, kamba wa Kabula. Mtu akisukuma mlango wa kuvuta, kamba wa Kabula. Fundi alipoweka bati juu chini, baba alisimama uani akasema fundi huyu ametuletea kamba wa Kabula. Wao walidhani Kabula ni mtu wa hadithi. Sikujua nifanye nini na uso wangu. Kuchekwa miaka yote hiyo kwenye nyumba ya watu, kila siku, na watoto wa watu: nishukuru au nikasirike? Wallahi sikujua, na mimi ni Mkatoliki.

Bi Tatu akasubiri kelele zitulie. Akasema, akinitazama mimi lakini akiwaambia wote, kwamba siku moja, watoto wakiwa wadogo, alimwuliza mumewe. Huyu Kabula wako wa kila siku, ulimtaka kweli, au ulikuwa unamtania tu? "Akaniambia," Bi Tatu akasema, "'Mimi nilimtaka. Yeye ndiye aliyekuwa ananitania.'"

Kina mama wakacheka, kidogo kidogo, wakingoja. Nilikuwa nimeshika uzi. Yaani naye. Mzaramo yule mjinga, na meno yake, naye alikaa huku Mzenga na swali lile lile, analigeuza kama mimi, na hakuna aliyekuwa na jibu isipokuwa mwenzake. Bi Tatu akainama mbele kidogo. "Sasa nakuuliza wewe, kwa sababu yeye hakupata kukuuliza. Ulikuwa unatania?"

Kina mama wakasogea mbele. Walikuwa wanangoja jibu la mtani, najua, jibu la kuwavunja mbavu, la ng'ombe na nazi, nami ninayo mengi. Nilifungua mdomo kuyatafuta. Nikasema, "Hapana, dada. Nilimtaka. Nilimtaka sana."

Kilikuwa kicheko ambacho sijawahi kukipata maishani mwangu. Bibi mzee amekaa kwenye kiti cha marehemu, kofia imemziba masikio, miwani imekaa upande, anasema nilimtaka sana! Walipiga mikeka kwa viganja, mwanamke mmoja alitambaa mpaka mlangoni kutafuta hewa, huko nje msomaji wa khitma akakohoa kutukumbusha. Dada wa marehemu alifuta macho akasema watani hawa Mungu awaweke. Nami nimekaa, uzi mkononi, natazama.

Bi Tatu hakucheka. Aliinua mkono, akanivua miwani usoni taratibu, akaifuta kwa ncha ya kaniki yake, maana ilikuwa imelowa, akaiweka juu ya mapaja yake. "Haya, mke mwenzangu," akasema kwa sauti ndogo. "Shuka hapo, tule."